Piga Honi Kwanza

Pikipiki yangu ya kazi ilikuwa nyekundu zamani. Nilipokabidhiwa mimi ilikuwa imeshapauka ikawa rangi ya tofali, kiti kimepasuka, kioo cha upande mmoja hakipo, na betri yake ya volti sita ilikuwa imeshawahudumia watu watatu kabla yangu. Sikujali. Nilikuwa mwanamke pekee pale Kibiti aliyeweza kuifungua injini na kuifunga bila kubakiza nati mkononi, na nasema hivyo mapema ili msomaji asije akanihurumia bure. Katika habari hii yupo mtu wa kuhurumiwa, lakini si mimi.

Nilikuwa nesi wa kliniki ya mkoba, yaani yule anayewafuata watoto huko huko waliko badala ya kuwasubiri zahanati. Kila baada ya wiki mbili nilifunga boksi la baridi la chanjo nyuma ya kiti, nikavaa suruali ndani ya gauni la kazi, nikajitanda khanga, nikashika njia ya vumbi mpaka kwenye diko la boti, pale nchi kavu inapoishia na mikoko kuanza. Hapo niliiacha pikipiki, nikapanda boti ya mashine kwenda Mbwera, ambako akina mama walikuwa wananingoja, na mizani niliining'iniza kwenye boriti ya shule. Saa nane mchana boti ilikuwa imesharudi. Saa kumi na moja nilitakiwa niwe Kibiti, chanjo zilizobaki zimeingia kwenye friji kabla vibarafu havijayeyuka.

Ufundi nilipewa na baba. Alikuwa fundi baiskeli Ikwiriri, na kwa kuwa hapakuwa na mwingine, akawa pia fundi wa pikipiki chache za mabwana shamba na walimu wakuu. Hakuzaa mtoto wa kiume wa kumshikia spana, akanishikisha mimi. Alikuwa na utaratibu wake na hakuruhusu mtu kuuruka. Chombo kisipowaka usirukie kiki. Washa ufunguo, piga honi kwanza. Honi ikilia kwa nguvu, betri ni nzima, katafute shida kwingine. Ikilia kinyonge, ni betri au waya zake. Kisha toa plagi, ilaze juu ya injini, piga kiki taratibu uangalie cheche. Ukiona cheche ya bluu, nenda kwenye mafuta. Usipoiona, rudi nyuma na waya mpaka uikute ilipopotelea.

"Ukianza na kiki," alikuwa akiniambia, "unamchosha shahidi kabla hujamuuliza."

Nililijua somo hilo kama ninavyoijua Alhamdu. Kulijua na kulifuata, hata hivyo, ni mambo mawili, na nitakuja kuwaeleza nililipa nini kwa kulijua tu.

Miaka yenyewe ilikuwa ile ya ruksa ya biashara imekolea. Vitu vilivyokuwa adimu vilikuwa vimejaa mezani Kibiti: sabuni za rangi zote, mitumba, redio, na plagi za kila namna, nyingine zikifa kabla hujafika Bungu. Lakini ruksa hiyo hiyo ilikuwa imekuja na mnada. Ofisi zilikuwa zinauza vyombo vyao vikuukuu, na kila gari au pikipiki iliyosikika ikikohoa iliandikwa kwenye orodha. Mkubwa wangu wa kazi alikuwa na orodha ya namna hiyo kwenye droo, na alikuwa na kalamu nzuri.

"Chombo chako kikilala njiani, dada, nakiandika," aliniambia.

"Na Mbwera?"

"Mbwera watasubiri mpaka tupate kingine."

Mimi na yeye wote tulijua kingine hakiji. Pikipiki ikiuzwa, mimi ningewekwa kwenye dirisha la dawa nihesabu vidonge, na watoto wa kule ng'ambo wangekaa na surua yao. Wengine nilikuwa nimewachanja mara moja na bado walikuwa wanadaiwa chanjo mbili. Niliwajua kwa majina, na mama zao walinijua kwa mlio wa boti.

Kwa miezi minne sikupata taabu yoyote. Pikipiki niliiegesha kwenye ukumbi wa duka moja pale dikoni. Kisha mwenye duka naye akasikia ruksa inamwita, akafunga milango, akahamia Dar es Salaam. Ndipo mzee mmoja akanifuata. Alikuwa fundi wa mashine za boti, mtu mwembamba, mwenye mikono iliyobabuka kwa petroli. Banda lake lilikuwa hatua chache kutoka majini, na mashine za watu zilikuwa zimening'inizwa kwenye gogo humo kama nyama buchani.

"Iache kwangu, mwanangu," alisema. "Hapa hapana mkono utakaoigusa ila wangu."

Nilishukuru. Nikaiegesha chini ya dirisha la nyumba yake, kwenye kivuli, nikaenda zangu Mbwera. Niliporudi, mke wake alinikaribisha chai ya rangi kwenye ukumbi. Mama yule alikuwa mcheshi, mwenye kicheko kikubwa, lakini chai yake ilikuwa na chumvi. Haikuwa chumvi ya kukutemesha, ila ilikuwepo. Nikajisemea moyoni, maskini, mama wa watu kachanganya makopo. Nikanywa nusu, nikasifu, nikainuka.

Pikipiki yangu ilikuwa inang'aa. Mtu alikuwa ameipangusa matope yote ya njiani, hata spoku. Nilifurahi kweli. Nikaweka ufunguo, na kwa kuwa diko zima lilikuwa limesimama kumtazama mwanamke anayeendesha pikipiki, nikainua mguu nikapiga kiki. Honi sikuikumbuka. Nitasema kweli: niliikumbuka nikaidharau. Mbele ya wavuvi wale niliona kupiga honi ni kama kubisha hodi kwenye nyumba yangu mwenyewe.

Haikuwaka. Nilipiga kiki mpaka goti likatetemeka. Jasho likashuka, khanga ikanidondoka, mtu mmoja akaniuliza kama na huko Kibiti huwa inawaka au huwa naisukuma tu. Nilipokwisha kuchoka ndipo nikapiga honi. Ililia kama mbuzi mwenye mafua.

"Betri," nikatangaza, kwa sauti ya daktari.

Wavuvi wakanisukuma kwenye mchanga, nenda rudi, karibu saa nzima juani, mpaka ikakohoa ikashika. Nilifika Kibiti saa ya magharibi. Vibarafu vilikuwa maji, chanjo zilizobaki zikatupwa, na mkubwa wangu akafungua droo akaitazama orodha bila kuandika.

Kesho yake nilipeleka betri kwa fundi wa kuchaji. Akafungua vifuniko, akapima asidi, akaongeza maji, akaitia umeme mchana kutwa. "Mzee huyu, lakini mzima," alisema. "Hana ugonjwa. Kanyonywa huyu."

Hilo neno nilipanda nalo pikipiki. Kanyonywa na nani? Siku zile mawe ya redio, yaani betri zake ndogo, yalikuwa yanakwisha haraka, na vijijini watu walikuwa wamejifunza kuunganisha redio zao kwenye betri za vyombo. Nikaanza kukumbuka. Nyumba ya mzee ilikuwa na redio, nimeisikia kwa masikio yangu, imetundikwa pembeni mwa dirisha. Na kwenye dirisha lile, juu kidogo ya kiti cha pikipiki yangu, zilikuwa zinaning'inia waya mbili, nyekundu na nyeusi. Miezi minne dukani sikupata shida hata siku moja. Siku ya kwanza kwa mzee, betri imelala. Nani asiyejua hesabu hiyo? Na ule mng'ao wa pikipiki, uliokuwa umenifurahisha, nikaanza kuuona kama kazi ya mtu anayefuta nyayo zake.

Safari ya pili niliiegesha pale pale, maana sikuwa na pengine, nikaenda na kurudi nikiwa na roho juu. Nikaikuta inang'aa tena. Nikapiga kiki. Nikapiga, nikapiga. Nilipopiga honi, yule mbuzi mwenye mafua akanijibu.

Nilikuwa na hasira za karibu, sikatai, na siku ile zilikuwa zimelala mlangoni. Mama alikuwa anatoka na kikombe cha chai. Mzee alikuwa bandani, ameinamia mashine. Watu walikuwa tele, boti mbili zilikuwa zimetoka kutia nanga.

"Mzee wangu, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Imekataa tena?"

"Imekataa. Na itaachaje kukataa, ikiwa watu wanaitumia kusikilizia redio?"

Mzee akainua kichwa polepole, akaitazama redio, akanitazama mimi.

"Betri yako hatujaigusa, mwanangu."

"Imeguswa na nani basi, na mikoko?" Watu wakacheka, na kicheko chao kikanipa nguvu. "Si wewe uliyeniambia hapa hapana mkono utakaoigusa ila wako?"

Alifungua mdomo. Nakumbuka vizuri kwamba aliufungua. Akamtazama mkewe, mkewe akamtazama yeye, kisha akaufunga na kurudi kwenye mashine yake. Mama akageuka na kikombe chake akaingia ndani. Siku hiyo sikunywa chai. Nilisukumwa tena kwenye mchanga ule ule, safari hii na watu wachache zaidi, na waliokubali kusukuma hawakunitania. Ningekuwa na akili ningeelewa kwamba mtu niliyemwita mwizi hakuwa mtu wa kuitwa hivyo pale. Lakini nilikuwa na ushahidi wa waya mbili, na nilijiona hakimu.

Nilifika nimechelewa kuliko mara ya kwanza. Mkubwa wangu hakupandisha sauti. "Safari ijayo ndiyo ya mwisho," alisema. "Saa kumi na moja isipokuwa hapa, naiandika, na usije kunililia."

Safari iliyofuata nilijiandaa kama mtu anayekwenda vitani. Nilipofika dikoni nilitoa spana mfukoni, na mbele ya mzee, mkewe na kila aliyetaka kuona, nikafungua waya za betri, nikaitoa, nikaiviringisha kwenye khanga kuukuu, nikaiweka kwenye kikapu. Kisha nikashuka nayo majini, boksi la chanjo bega moja, kikapu cha betri mkono wa pili. Hakuna matusi makubwa kuliko hayo ambayo ningeweza kuyafanya bila kufungua mdomo. Mzee alisimama mlangoni mwa banda akaniangalia. Alisema neno moja tu.

"Ishike wima, mwanangu, isikumwagikie asidi."

Muda wote Mbwera nilipima watoto na betri iko chini ya meza. Akina mama waliniuliza ile ni chanjo ya ugonjwa gani. Mmoja akasema kama ni ya kudunga, yeye mtoto wake anamrudisha nyumbani. Nilicheka nao, lakini kila nikiinama kuchukua sindano niliiona ile betri ndani ya khanga na sikujisikia vizuri. Asidi ilikuwa imemwagika kidogo ikatoboa kitambaa, tundu la ukubwa wa shilingi.

Saa nane kasorobo tulirudi. Pikipiki ilikuwa chini ya dirisha, inang'aa.

Nikairudisha betri mahali pake, nikakaza waya, nikasimama wima. Watu walikuwa wamekusanyika, maana habari za betri kupanda boti zilikuwa zimeshaenea. Safari hii nilifanya kama baba alivyonifundisha, si kwa unyenyekevu, bali kwa kuwa nilitaka wote wasikie ushindi wangu. Nikawasha ufunguo nikapiga honi.

Ililia mpaka kuku wakatimka. Betri ilikuwa imejaa, nzima, haikuguswa na mtu yeyote duniani tangu asubuhi ila mimi. Nikapiga kiki kwa madaha.

Kimya. Nikapiga ya pili. Nikapiga ya tatu, mguu ukabaki chini.

Shahidi hakuwa amechoshwa safari hii, na alikuwa ameshatoa ushahidi wake mbele ya diko zima. Shida haikuwa betri. Na kama leo haikuwa betri, basi pengine na zile siku mbili haikuwa betri, na ule unyonge wa honi niliuleta mimi mwenyewe, kwa kupiga kiki nusu saa na ufunguo umewashwa. Sikumtazama mtu. Nilichuchumaa nikavuta kofia ya plagi.

Maji yakanitiririkia vidoleni.

Mvua ilikuwa haijanyesha wiki tatu. Nikafikiri ni maji ya bahari, pengine nimerukiwa njiani kwenye jangwa la chumvi, uwanda mtupu ulio nyuma ya mikoko ambao bahari huufikia. Nikatia kidole mdomoni. Hayakuwa na chumvi hata chembe. Nikafungua kifuniko cha pointi, zile zinazokata na kuunga umeme wa cheche, pembeni mwa injini, nako kuna matone, safi, yanateleza.

Lazima nieleze jambo ambalo kila mtu pale alilijua. Dikoni hapo maji yote ni ya chumvi. Kisima chao nilikifahamu, sabuni haitoi povu kwa maji yake. Maji baridi, kama watu wa pwani wanavyoyaita maji yasiyo na chumvi, yalikuwa hayapatikani kijijini. Nami nilikuwa nayo vidoleni, ndani ya plagi ya pikipiki.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Hakuwa na kikombe.

"Mama," nikamwuliza, "haya maji yametoka wapi?"

Akatazama bandani. Mzee alikuwa ameinamia mashine kama mtu asiyesikia.

"Nshamwambia akwambie mwenyewe, hataki," alisema. "Anaiosha. Wewe ukishapanda boti tu, yeye anachukua ndoo. Anasema imepita kwenye jangwa la chumvi, imerukiwa matope, ikiachwa hivi hivi chumvi itaitafuna. Ndo kawaida yake. Mashine ikitoka safari, isuuzwe kwanza kwa maji baridi, ndo binadamu wanywe."

"Na maji baridi mnayatoa wapi?"

"Mtoni huko juu, nafuata na mtumbwi. Naenda na maji kujaa, narudi na maji kupwa. Ndoo mbili."

"Kila siku?"

"Kila siku, bibi. Siku yako, moja ya pikipiki."

Nilibaki nimechuchumaa. Nilimwuliza jambo la mwisho kwa sauti ndogo, kwa nini basi mzee hakusema siku ile nilipomtukana mbele za watu. Angesema tu kwamba anaiosha, yangekwisha.

Mama akanishangaa kweli kweli. "Aseme nini? Akusimange kwa maji?"

Pale pwani kusimanga ni kumhesabia mtu wema uliomtendea, na mgeni akisimangwa, aibu haiishi kwa mwenye nyumba. Mzee yule alikuwa amepima mambo mawili, kuitwa mwizi kwenye diko lake mwenyewe au kunitajia ndoo yake ya maji, akaona afadhali aitwe mwizi. Na baada ya kuitwa hivyo, na baada ya kuniona nikiondoka na betri kikapuni, alikwenda akachukua ndoo akaiosha pikipiki yangu tena. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena tangu siku hiyo, na sitaki kuipamba.

Niliinuka nikaenda katikati ya diko, pale pale niliposimama siku ile.

"Jamani, nimekosa," nilisema. "Betri yangu haikuguswa na mtu. Niliichosha mimi mwenyewe kwa kutopiga honi kwanza. Mzee nilimsingizia, na ninamwomba radhi mbele yenu kama nilivyomsingizia mbele yenu."

Nahodha mmoja akadakia. "Nesi, leo umejidunga mwenyewe." Watu wakacheka, nami nikacheka huku macho yananiuma.

Mzee alikuja akichechemea, anafuta mikono kwa kitambaa. Akanishika bega kidogo, akasema yamekwisha, kisha akachuchumaa kando ya injini, maana fundi ni fundi. Kwa watu nilikuwa nimesema ni kosa langu. Yeye nilitaka kumficha. Lakini aliokota kofia ya plagi, akaigeuza, tone likamwangukia kwenye kiganja, akalionja kama nilivyolionja mimi.

"Maji," alisema taratibu.

"Maji, baba."

Nikaona uso wake ukibadilika, akizihesabu zile safari tatu kichwani. Hilo liliniuma kuliko aibu yangu.

"Za boti zimefunikwa hapa," alisema hatimaye. "Hii imeachwa wazi. Mimi nikajua mashine zote ukoo mmoja." Kisha akapaza sauti kwa mkewe: "Lete jiko!"

Tulifanya kazi ile wawili, bega kwa bega. Mimi nilikausha pointi kwa ncha ya khanga na kuzipitishia kipande cha karatasi. Yeye alilaza plagi pembeni mwa makaa mpaka ikakauka na kupata joto, akaishika kwa koleo akanipa. Kisha akafanya jambo ambalo baba hakunifundisha: alichota grisi ya boti kwa kidole kidogo akaizungushia ndani ya mdomo wa kofia ya plagi, nyembamba sana, ili maji yasipate njia tena. Nilipiga honi kwanza. Akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Nikapiga kiki moja.

Iliwaka. Sijawahi kuusikia mlio wa pikipiki ile ukiwa mzuri hivyo, na watu wakashangilia kama wamefunga goli. Nilipoondoka niliziangalia zile waya mbili dirishani. Ncha zake zilikuwa zimepanda juu ya paa na kufungwa kwenye mti mrefu. Ilikuwa antena. Mawe ya redio yenyewe yalikuwa yamepangwa juu ya kizingiti yaote jua yapate nguvu, na nilikuwa nimeyapita mara tatu nisiyaone.

Kibiti niliingia saa kumi na moja kasorobo. Vibarafu vilikuwa bado vinagongana ndani ya boksi. Mkubwa wangu alitoka ukumbini, akatazama saa, akaitazama pikipiki, akarudi ndani. Droo haikufunguliwa, na Mbwera ilibaki yangu kwa miaka mingine mitano, mpaka watoto niliowapima kwa mizani ya boriti walipoanza kunisalimia wakielekea shule.

Wiki mbili baadaye nilikwenda dikoni na dumu la lita ishirini la maji ya bomba ya Kibiti, nimelifunga juu ya tangi kwa mpira. Mzee alilipokea kwa mikono miwili na akashukuru sana. Nikachukua kipande cha mkaa, nikachora mstari kwenye injini, chini ya plagi. "Mpaka hapa, baba," nikamwambia. "Juu ya hapa niachie mimi." Akainama akausoma mstari ule kwa makini, kama mtu anayeonyeshwa mpaka wa shamba, akasema sawa.

Niliporudi saa nane, magurudumu yalikuwa meupe kwa usafi na maji hayakuvuka mstari hata kwa kidole. Mashine tatu za boti zilikuwa zimening'inizwa kwenye gogo zinadondosha maji. Dumu lilikuwa limelala kwenye mchanga, tupu.

Mama akaniletea chai ukumbini. Nikaionja. Ilikuwa na chumvi ya kisima, kama siku zote. Nikainywa yote, nikamwomba kikombe cha pili.